Tausi Wako Ana Nini? Dalili, Chanzo na la Kufanya kwa Wafugaji wa Mombasa

Uwe na ua mpana Nyali au kiwanja cha kubanana Kisauni, shida za tausi huja kwa sura zilezile: mkia hauoti, ndege amejikunyata pembeni, mayai hayaanguliwi, jirani amechoka na kelele. Mwongozo huu umepangwa kwa dalili, kwani mfugaji huanza na kile anachokiona. Ila kabla ya kuruka hadi kwenye dalili yako, jiulize mambo mawili. Kwanza, huyo uliye naye ni tausi kweli, na ni wa jinsia na umri gani? Pili, ardhi anayoikanyaga imepitiwa na kuku? Shida nyingi hupata jibu hapo, hata kabla jina la ugonjwa halijatajwa.

“Niliuziwa tausi, mbona mkia hauji?”

Tuanze na jina, maana hapa ndipo pesa za watu hupotelea. Kwa Kiswahili tausi ni dume, ni jike, na ni kinda lake. Hatuna neno la dume na jingine la jike kama tulivyo na jogoo na tembe kwa kuku. Neno limetujia kutoka kwa Waarabu, na Waajemi na Wagiriki wa kale nao wanalo linalofanana nalo. Lakini mtu wa Mombasa akisikia tausi, akili humpeleka moja kwa moja kwa dume mwenye shingo ya buluu na mkia wa macho. Twawapa hata mabinti jina la Tausi kwa ajili ya uzuri, na uzuri wenyewe ni wa dume! Basi muuzaji aliyekuletea ndege wa kahawia asiye na mkia akamwita tausi hajakudanganya. Swali lako ndilo lililopungua. Ulipaswa kuuliza: dume au jike, na alianguliwa mwaka gani?

Huenda ni jike. Jike ni wa kahawia, tumbo jeupe, shingoni ana kijani kidogo, na kichwani ana kishungi sawa na dume. Huyo hatatoa mkia wa macho hata umlishe nini.

Huenda ni dume mchanga, na hili ndilo linalowachanganya wengi. Mwaka wa kwanza dume na jike hukaribiana sana kwa sura. Mkunjue bawa utazame manyoya makubwa ya kurukia: ya dume yana rangi ya kutu, ya jike ni kahawia iliyofifia. Miguu ya dume nayo ni mirefu zaidi. Mwaka wa pili shingo hukolea buluu, na mkia huanza kuonekana ila ni mfupi na hauna macho yaliyokamilika. Mkia kamili huja akifika miaka 3 hivi, na huendelea kurefuka hadi miaka 5 au 6. Kwa hiyo muuzaji anayekuambia ndege wa miezi minane “mwezi ujao atatoa mkia” anakuuzia matumaini. Ukitaka ndege wa kuwaonyesha wageni harusini mwaka huu, nunua aliyekomaa na ulipe bei yake.

Huenda si tausi kabisa. Kifaranga cha kanga kina mistari kichwani, mdomo na miguu ya rangi ya chungwa. Cha tausi ni cha manjano ya kahawia, miguu yake imepauka, na kishungi huanza kuchomoza baada ya wiki chache. Kuna pia yule kanga wa kaskazini mwa Kenya mwenye kifua cha buluu kali na kichwa kisicho na manyoya, ambaye mtu asiyejua humwita tausi. Huyo ni ndege wa mwituni wa Kenya. Kumweka nyumbani bila kibali cha KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, ni kosa chini ya sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013, na kisingizio cha “niliambiwa ni tausi” hakitakufikisha mbali. Hata kwa tausi wa kawaida, uliza KWS na ofisi ya mifugo ya kaunti kabla hujatoa pesa.

Na ukiambiwa ni “tausi wa Kiafrika”, shika mfuko wako. Yupo kweli tausi mmoja wa bara letu, na dunia ya wasomi ilimtambua rasmi mwaka 1936, pale James Chapin, mtaalamu wa ndege wa Marekani, alipokuta ndege wawili waliokaushwa katika jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji. Miaka zaidi ya 20 nyuma yake, Chapin alikuwa ameokota unyoya usiojulikana kwenye kofia ya mwenyeji wa misitu ya Kongo. Tausi huyo anaishi katika misitu ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na dume wake hana ule mkia mrefu wa macho. Hauzwi sokoni Kongowea. Anayefugwa Mombasa ni tausi wa buluu wa Bara Hindi, yule ambaye India ilimtangaza kuwa ndege wa taifa mwaka 1963. Mweupe pepe naye ni ndege huyohuyo, amezaliwa bila rangi tu, na dume wake hutoa mkia kamili, mweupe.

“Mkia ulikuwepo, sasa umepukutika wote”

Pengine hakuna ugonjwa. Dume huangusha mkia kila mwaka msimu wa kuzaana ukiisha, kisha huota mwingine kwa miezi kadhaa. Manyoya hayo marefu kwa kweli hayatoki mkiani. Ni manyoya ya mgongoni, karibu na kiuno, kati ya 150 na 200. Mkia wenyewe ni yale 20 mafupi ya kahawia yaliyo chini, yanayoshikilia wenzao dume anapojipanua. Kwa hiyo tausi aliyepukutika bado ana mkia, tena ule wa haki.

Kwao India kuzaana hufuata mvua za monsuni. Hapa kwetu masika na vuli zina ratiba yake, hivyo usifuate kalenda uliyoisoma mahali. Mtazame ndege: akiacha kujipanua na kelele zikipungua, manyoya yatafuata siku si nyingi.

Unachookota ndicho kitakachokueleza. Unyoya mzima wenye shina safi ni wa kupukutika kwa kawaida. Uliovunjika katikati husema banda ni finyu au mbwa anamkimbiza. Uliokatwa kwa makasi unasema kuna mtu anayeuza manyoya, na huyo mtu ana ufunguo wa lango. Ngozi ikiwa wazi kwa viraka, hasa chini ya mabawa na karibu na mkundu, funua manyoya utafute chawa na utitiri. Utitiri mwekundu huja usiku tu na mchana hujificha kwenye nyufa za fito, kwa hiyo nenda na tochi saa 3 usiku. Kutia dawa ndege bila kutia fito ni kupoteza dawa.

Banda la dume liwe na nafasi ya kujigeuza akiwa amejipanua, yaani upana usiopungua mita 3, na fito ya kulalia iwe juu kiasi cha mkia, ambao hufika mita 1.5, kutoburuta chini kwenye uchafu. Wakati wa kuota manyoya mapya aongezewe protini: dagaa wakavu wasio na chumvi, mayai ya kuchemsha, kumbikumbi wakitoka.

Suala la rangi kufifia nilipitie haraka. Tausi akinyeshewa rangi huonekana kufifia, akikauka buluu hurudi. Unyoya wake hauna rangi ya buluu ndani. Una rangi nyeusi ya kahawia, na juu yake kuna mpangilio wa chembe ndogo mno zinazorudisha mwanga kwa namna ya kutupa buluu na kijani. Anayekuuzia unga wa kukoleza rangi ya tausi anakutania.

“Jike anaota rangi za dume”

Hutokea kwa jike mzee, au aliyeharibika ovari. Homoni ya kike ikipungua, manyoya ya dume hujitokeza, hata mkia. Hajarogwa na hajabadilishwa na mwizi. Hatataga tena, basi.

“Amejikunyata, mabawa yamelegea, kinyesi ni cha manjano”

Ukisoma sehemu moja tu, soma hii. Tausi amesimama pembeni, macho nusu yamefumba, mabawa yananing'inia, hali, na anatoa kinyesi cha majimaji chenye manjano ya kiberiti. Mshuku kijidudu kiitwacho Histomonas meleagridis. Wafugaji wa ng'ambo huuita ugonjwa wake kichwa cheusi, jina la kupotosha, kwa sababu kichwa mara nyingi hakigeuki rangi hata kidogo. Kinachooza ni ini, pamoja na vile vifuko viwili vilivyo mwisho wa utumbo.

Usimchanganye na tausi mzima. Ndege mzima naye hutoa mara chache kwa siku kinyesi kizito cha kahawia, kinachonata na kunuka vibaya kuliko kile cha kawaida. Hicho ni cha vifuko vile vile vikiwa salama. Shida ni manjano, tena yakija pamoja na uzembe na kukosa hamu ya kula.

Sasa chanzo. Kijidudu hiki kikiwa peke yake nje hakidumu. Husafiri ndani ya yai la mnyoo mdogo, Heterakis gallinarum, ambaye makao yake ni utumbo wa kuku. Kuku ananya, mayai ya mnyoo yanabaki udongoni, na yanaweza kukaa humo kwa miaka. Nyungunyungu anayameza, tausi anamdonoa nyungunyungu, kazi imekwisha. Kuku mwenyewe kwa kawaida haonyeshi chochote: anataga, anawika, ananenepa. Ndiyo maana mwenye nyumba huapa kwamba ugonjwa haukutoka kwa kuku wake wazima wa afya. Walio wazima ndio hasa walioueneza.

Masika huongeza balaa. Udongo ukilowa nyungunyungu hupanda juu, na tausi huwafuata. Ukiona vifo vya namna hii mwezi Mei, usishangae.

La kufanya ni hili. Mtenge ndege siku hiyohiyo na umwite daktari wa mifugo. Dawa inayotumiwa zaidi kwa tausi ni metronidazoli, na dozi huhesabiwa kwa uzito, kwa hiyo mpime: dume aliyekomaa huwa na kilo 4 hadi 6, jike kati ya 3 na 4. Usikisie kwa vidonge vya binadamu vilivyobaki kabatini. Ndege aliyepewa dawa hii asiliwe, wala mayai yake.

Halafu minyoo, na hapa watu hukosea dukani. Unga wa minyoo wa bei nafuu kwenye duka la dawa za mifugo mara nyingi ni piperazini. Huo huua minyoo mikubwa ya utumbo lakini kwa Heterakis hauna nguvu ya maana. Soma kibandiko, uliza yenye fenbendazoli au levamisoli, na uwape kuku na tausi wote kwa pamoja. Ukiwapa tausi peke yao umeacha kiwanda cha mayai ya minyoo kikiendelea kufanya kazi.

Mwisho ni ardhi yenyewe. Tausi na kuku wasishiriki uwanja, wala wasipokezane uwanja. Kwenye ploti ya futi 50 kwa 100 yenye nyumba, kisima na maegesho, huna pa kuwatenga. Chagua mmoja. Najua kuku wa kienyeji ni wa nyanya na hawawezi kuondoka. Basi usinunue tausi. Mwenye nafasi amwekee tausi banda lenye sakafu ya simiti na mchanga juu, mchanga unaotolewa na kubadilishwa, au sakafu ya waya kwa makinda.

Akifa, usimzike kwanza. Mfunge kwenye mfuko, mweke kwenye barafu, mpeleke achunguzwe. Maabara ya serikali ya uchunguzi wa mifugo ya Pwani iko Mariakani. Ini lenye mabaka ya duara yaliyobonyea katikati ndiyo sahihi ya ugonjwa huu. Mzoga mmoja uliopasuliwa utakuambia mengi kuliko mabishano ya wiki nzima na jamaa wenye kuku.

“Vifaranga wanakufa mmoja mmoja”

Angalia kinyesi. Kikiwa na damu, na vifaranga wamefura manyoya, mshuku koksidia, vijidudu vya utumbo. Hupenda unyevu, na Mombasa unyevu ni wa bure. Amproliamu kwenye maji husaidia ukiwahi, lakini matandiko yakibaki mabichi utarudi dukani tena na tena.

Kinyesi kikiwa safi na vifaranga ni wepesi mkononi, huenda wanakufa kwa njaa mbele ya sahani iliyojaa. Jike wa tausi hushika chakula kwa mdomo na kumwonyesha mwanawe. Kifaranga cha mashine hakina wa kumwonyesha. Gonga sahani kwa kidole, nyunyiza yai la kuchemsha lililosagwa juu ya chakula, rudia mara nyingi siku za mwanzo. Na chakula chenyewe kiwe cha bata mzinga wachanga, protini karibu asilimia 28. Cha vifaranga wa kuku wa mayai ni chepesi mno kwao. Ukikikosa kingine, kiongeze dagaa waliosagwa.

Miguu ikipanuka kando kama ya chura, sakafu inateleza: toa gazeti, weka kitambaa kigumu. Vidole vikijikunja ndani kama ngumi, vitamini B2 imepungua.

Na wakitoweka bila mzoga, tazama juu. Kunguru wa Mombasa naye asili yake ni Bara Hindi, lakini undugu wa kwao hauheshimu. Atabeba kifaranga mchana kweupe mbele ya mama yake. Wavu wa juu ni lazima, wenye matundu madogo, na chini uwe na waya mgumu wa kuzuia panya buku na kenge.

“Anahema mdomo wazi”

Tazama saa na banda. Ikiwa ni Februari au Machi, kaskazi imekata, saa 8 mchana, na banda ni la mabati, basi ni joto. Tausi ni ndege wa nchi ya joto na huvumilia, ila si tanuri. Makuti juu, maji ya kivulini yanayobadilishwa mara mbili kwa siku, na mti.

Akihema hata asubuhi, akinyoosha shingo na kutikisa kichwa kana kwamba amekwamwa, huenda ni mnyoo wa koromeo, Syngamus trachea. Huyu naye hupitia kwa nyungunyungu na konokono, na dawa ni zile za minyoo nilizotaja, si piperazini.

Akikoroma taratibu, anakonda, na dawa hazimsaidii, nusa chakula na matandiko. Hewa ya Pwani huotesha kuvu kwenye gunia la mahindi lililoegemezwa ukutani kwa wiki mbili tu za mvua. Kuvu wa Aspergillus wakivutwa huota mapafuni, na wengine wao hutoa sumukuvu inayoua ini. Jamii hii ya ndege haiwezi sumukuvu. Mwaka 1960 huko Uingereza bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa kwa mashudu ya karanga yaliyoota kuvu, na hapo ndipo wanasayansi walipoanza kuijua sumu hiyo. Sisi wenyewe hatujasahau mwaka 2004, mahindi yalipoua watu zaidi ya 100 mashariki mwa Kenya. Gunia likae juu ya mbao, mbali na ukuta, na chakula kilichobadilika harufu kitupwe, hata kama kimebaki nusu. Machicha ya nazi ya jikoni yaliwe siku hiyohiyo au yasitolewe kabisa. Parachichi kamwe, ni sumu kwa ndege. Na mabaki ya ng'onda yana chumvi ya kumwangusha.

Macho, uso na shingo

Jicho moja limevimba, lina povu, na shavu limejaa: mara nyingi ni mikoplazma, aina ya bakteria. Dawa ya tailosini hutumika, kwa maelekezo ya daktari, na ndege akipona anaweza kubaki mbebaji, kwa hiyo mgeni mpya atengwe mwezi mzima kabla ya kuchanganywa na wenyeji.

Vidonda vikavu kama sugu usoni na miguuni: ndui ya ndege, huletwa na mbu. Usivibandue. Mwaga maji yaliyotuama, vile vile ungefanya kwa ajili ya malaria.

Shingo imepinda, kinyesi kijani, na ndege wa mtaa mzima wanakufa kwa siku chache: huo ni kideri. Tiba hakuna. Chanjo ipo, na KEVEVAPI, taasisi ya serikali ya chanjo za mifugo, huitengeneza hapa nchini. Panga ratiba na daktari kabla, na ukumbuke chanjo iliyokaa juani kwenye kiti cha matatu kutoka mjini haina kazi tena. Kama anayedhoofika ni ndege mmoja tu, ana kinyesi cha kijani na hakuna jirani aliyepoteza kuku, uliza kama kuna fundi aliyefanya kazi pale karibuni. Tausi humeza vinavyong'aa: misumari, vipande vya waya wa kuku, vichwa vya nyaya za stima. Madini ya risasi na zinki humtia sumu polepole. Pita na sumaku chini kila fundi akiondoka.

“Mayai hayaanguliwi”

Umri kwanza. Jike huanza kutaga akiwa na miaka 2 hivi. Dume wa umri huo anaweza kujipanua kwa mbwembwe zote na bado mayai yakawa maji. Dume wa miaka 3, majike 3 hadi 5, na dume mmoja tu katika banda moja.

Kama mayai huyaoni kabisa, au wayakuta yamepasuka chini, kumbuka jike wa tausi hutaga zaidi jioni, na wakati mwingine huliachia yai akiwa juu ya fito. Weka mchanga mzito au majani makavu chini ya fito, na kiota kilichojificha kwenye pembe ya giza. Huyo apendaye kutagia kwenye maua ya jirani mfungie mchana wote wakati wa msimu.

Yai huchukua siku 28 hadi 30. Kuku wa kulalia hutumiwa sana, kwa kuwa kuku ni mama mzuri, na jike wa tausi akishtuliwa na mbwa huacha kiota. Lakini umeshasoma habari za Heterakis: toa vifaranga kwa kuku mara wakianguliwa, na huyo kuku awe amepewa dawa ya minyoo kabla ya kulalia. Kwa mashine, joto ni 37.5. Tatizo la Mombasa ni unyevu. Vitabu vingi vimeandikwa kwa nchi kavu na husema ongeza maji. Hapa ukiongeza bila kupima, kifaranga hukomaa, hushindwa kuvunja ganda, na ukilipasua unamkuta amelowa. Nunua kipima unyevu, usiamini beseni. Na uwe na betri, kwa sababu stima haipotei usiku ulio mzuri kwako.

“Jirani asema kuna mtoto analia usiku”

Hakuna mtoto, ni dume. Sauti yake hubeba mbali, na Mji wa Kale au Majengo, ambako kuta zinagusana, ingefika nyumba nyingi sana. Hulia zaidi alfajiri na magharibi, msimu wa kuzaana ukipamba moto. Nje ya hapo huitikia sauti ya ghafla: radi, honi ya lori, fataki, kipaza sauti kilichowashwa bila taarifa. Akilia usiku wa manane mfululizo, mahali pamoja, tena wa kike naye akijibu, usimlaumu. Nenda na tochi, kuna paka, nguchiro au mtu.

Taa za nje zizimwe, banda la kulala liwe na giza na kuta za upande wa jirani. Hupunguza, haiondoi. Dawa pekee niliyoiona ikifanya kazi mtaani ni kufuga majike tu. Kenya ina kanuni za kudhibiti kelele tangu mwaka 2009, na jirani aliyekosa usingizi huijua njia ya ofisi za NEMA, mamlaka ya mazingira.

“Ameruka ukuta” na “anagonga gari”

Tausi hulala juu. Mwembe, mkungu, paa la ghorofa ya jirani, vyote kwake ni kitanda. Ukuta wa mita 2 haumzuii, na kumkata bawa moja humchelewesha tu. Ndege mpya afungiwe kwenye banda lenye wavu juu wiki 6 hivi, ale na alale hapo, ndipo umfungulie, jioni kabla ya chakula, mmoja mmoja. Akitoroka usimfukuze: ataruka mti mrefu zaidi na kesho atakuwa mbali zaidi. Mweke mwenzake kwenye kizimba mahali anapoweza kumwona, tia chakula chake cha kila siku, usubiri. Hurudi kwa mwenzake na tumbo lake, si kwa jina lake ukilitaja.

Ama gari, dume hujiona kwenye mlango unaong'aa na kudhani ni mpinzani. Hupiga kwa mdomo na kwa kipi, na rangi nyeusi au ya buluu iliyosuguliwa vizuri ndiyo anayoipenda zaidi. Toa vioo na vitu vya kuakisi karibu na banda, na funika gari lako kwa turubai wakati wote wa msimu. La mgeni nalo lifunikwe, maana bei ya kupiga rangi utaulizwa wewe.